Mpwa Wangu Ataka Kwenda Kuimba

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa ofisini mwa parokia nikinakili majina ya watoto waliobatizwa, mara nikasikia hodi. Aliyeingia alikuwa mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu. Ana miaka 19. Katika kwaya yetu ndiye aanzaye sauti ya kwanza, na siku asipokuwapo hata wazee waketio nyuma hugeuka kutazama kulikoni. Amerithi jina la mama yetu mzazi, kwa hiyo mimi humwita Mama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mama. Mbona umesimama? Kaa."

Hakukaa. Akasema ataka barua ya utambulisho yenye mhuri wa parokia, ili masista wa Mwanza wampokee siku tatu katika hosteli yao. Nikauliza safari ni ya nini. Akasema kuna mashindano ya kuimba, yale yaonyeshwayo katika televisheni, na wataanza kuwajaribu waimbaji wiki ijayo. Nauli ya meli anayo. Ameuza vitumbua tangu Kwaresima, na hakumwomba mtu hata shilingi.

Basi mimi, kama ilivyo desturi ya sisi tuliosomea ualimu, nikaanza kumpa mafundisho. Nikamwambia waendao ni wengi na achaguliwaye ni mmoja. Nikamwambia mjini kuna watu wabaya. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Lakini Mjomba, hata Kelly Clarkson alikuwa mhudumu tu wa vinywaji."

Nikamtazama. Sikujua kwamba vijana wa leo walijua jina hilo.

"Mama yako amekubali?"

Akainamisha kichwa. "Mama hataki."

"Hataki uende Mwanza?"

"Kwenda si neno. Hataki wimbo."

Hapo ndipo nilipoambiwa jambo lenyewe. Mpwa wangu ametunga wimbo, nao wahusu jinsi baba yake alivyoondoka nyumbani. Shemeji yangu huyo alikwenda machimboni upande wa Geita, mwaka wa sita huu, wala hakurudi. Wimbo huo ndio ataka kuuimba mbele ya waamuzi na mbele ya nchi nzima. Mama yake aliusikia kupitia ukuta wa jikoni, akaacha kusonga ugali, akatoka na mwiko mkononi, akamwambia akiuimba tena wimbo ule asimwite mama.

Paroko alikuwa amekwenda vigangoni, na mhuri ulikuwa katika droo yangu. Nikamwambia binti arudi Jumatatu baada ya Misa ya asubuhi. Naye akaenda zake bila kuitika vizuri.

Sasa niwaambie, wasomaji wapenzi, kwa nini sikumjibu siku ile ile. Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu. Bwenini mwetu mwenzangu mmoja alikuwa na redio ya kupigia sidii, na sidii yake mwenyewe ilikuwa moja tu, zote nyingine za kuazima. Hiyo moja ilikuwa *Breakaway* ya Kelly Clarkson. Tuliisikia asubuhi tukipiga mswaki, tukaisikia jioni tukipiga pasi mashati kwa pasi ya mkaa. Mimi sikuipenda. Magitaa ya umeme yalipiga kelele, na dada wa watu alipaza sauti kama mtu aitaye mtumbwi uliokwisha ondoka ufukoni.

Lakini palikuwa na wimbo mmoja ulioanza kwa piano taratibu, nao wote tulinyamaza ulipopigwa. Waitwa "Because of You". Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, nami niliona aibu kuwaambia wenzangu kwamba sikuelewa yote. Basi jioni moja nikauandika katika daftari, neno kwa neno kama nilivyousikia, nikachukua kamusi. Nilipofika katikati nikaelewa. Mwimbaji ni mtoto. Amwambia mzazi wake kwamba amekua akiogopa, na kwamba hofu yenyewe ameitoa nyumbani. Nikafunga daftari, nikatoka nje, nikaenda kusimama kwenye tangi la maji.

Baba yetu aliondoka nilipokuwa na miaka 8. Dada yangu alikuwa na 12. Mama hakuweza kutulea sote wawili, kwa hiyo dada akapelekwa kwa mama mdogo huko Bunda, nami nikabaki kisiwani. Tulionana Krismasi. Katika nyumba yetu jambo hilo halikusemwa, wala si kwa ukali. Lilikuwa kama kisima kilichofunikwa, kila mtu akipita kando.

Usiku wa Jumamosi ile nilikaa na simu yangu mpaka saa sita, nikisoma habari za mwimbaji huyu, maana nilijua nusu tu. Niliona haifai kumkataza binti jambo nisilolijua, wala kumruhusu.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1982 katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, akakulia Burleson, mji mdogo ulio jirani. Wazazi wake waliachana alipokuwa na miaka 6. Kaka yake akaenda kwa baba, dada yake akaenda kulelewa na shangazi, yeye akabaki na mama yao, ambaye alikuwa mwalimu. Niliposoma hayo niliweka simu mezani kidogo. Kumbe mambo ya kisiwani kwetu na ya Texas yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja.

Shuleni mwalimu wa kwaya alimsikia akiimba njiani, akamwita ajaribiwe. Alipomaliza shule alikwenda Los Angeles kutafuta bahati. Nyumba aliyopanga ikaungua moto, akarudi kwao mikono mitupu, akafanya kazi ndogondogo, ikiwamo hiyo ya kuwapelekea watu vinywaji. Mpwa wangu alisema kweli. Rafiki yake akamsukuma kwenda kujaribiwa katika mashindano mapya yaliyoitwa *American Idol*. Yalianza mwaka 2002, kwa mfano wa mashindano ya Uingereza yaliyoitwa *Pop Idol*. Watu wapatao 10,000 walijitokeza mwaka ule wa kwanza. Waamuzi walikuwa watatu, lakini walipofika mbali uamuzi ulikuwa wa watazamaji, waliopiga kura kwa simu. Tarehe 4 Septemba 2002 Kelly alishinda, akipata kura 58 katika kila 100. Zawadi yake ilikuwa mkataba na kampuni ya santuri ya RCA, na ahadi ya dola milioni moja.

Wimbo wake wa ushindi uliruka kutoka nafasi ya 52 mpaka ya kwanza katika orodha kubwa ya nyimbo ya Marekani, ukaivunja rekodi ya Beatles iliyokuwapo tangu 1964. Hayo ndiyo wayajuayo vijana wetu. Wanajua siku ya karatasi za rangi kumwagwa kutoka darini. Miaka ifuatayo ndiyo wasiyoijua, nami ndiyo iliyonifanya nisilale.

Mwaka 2003 alitoa albamu ya kwanza, nayo ikashika nafasi ya kwanza. Mwaka huo huo akatolewa katika filimu pamoja na kijana aliyekuwa wa pili katika mashindano. Filimu yenyewe ikaanguka vibaya. Yeye hakuitaka, lakini ilikuwamo katika mkataba. Kisha wakaitwa washindi wa nchi mbalimbali kushindana wenyewe kwa wenyewe, na matokeo yakatangazwa siku ya mwaka mpya wa 2004. Kelly akawa wa pili. Aliyemshinda alikuwa Kurt Nilsen wa Norway, fundi bomba. Nilicheka peke yangu. Fundi wetu wa bomba hapa misioni aimba vizuri pia, ila akisikia habari hii hatatengeneza tanki tena.

Basi watu wengi walidhani habari za Kelly zimekwisha, maana mshindi wa mashindano hupendwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili huja mshindi mwingine. Ndipo alipotoa *Breakaway*, tarehe 30 Novemba 2004.

Nimeisikiliza tena yote sasa, nyimbo 12, mwanzo hata mwisho. Bado nasema nusu yake ni kelele. Lakini sasa nasikia kelele hizo zina kazi. Katika albamu ya kwanza alikuwa msichana mwenye sauti nzuri aliyevikwa nguo za watu wengine. Katika hii ya pili aliacha nyimbo laini za jukwaani, akachukua magitaa na ngoma nzito za muziki wa roki, na sauti yake ikapata mahali pa kugonga. Sikilizeni "Since U Been Gone". Waanza chinichini, kama mtu asemaye na nafsi yake, kisha magitaa yafunguka na sauti yapanda nayo, nawe huwezi kukaa kimya hata kama wewe ni karani wa parokia. Mmoja wa watungaji wake ni Max Martin, Mswidi aliyewatungia waimbaji wengi wakubwa. Huo si wimbo wa Kelly kwa kutungwa, ni wake kwa kuimbwa tu, na hilo nalo ni kazi.

Wimbo uliopa albamu jina lake ulikuwa makombo. Avril Lavigne, mwimbaji wa Kanada, aliutunga pamoja na wenzake wawili, kisha haukuingia katika albamu yake. Ukapewa Kelly auimbe katika filimu moja ya mwaka 2004, ukapendwa, ukawa mlango wa albamu nzima. Mimi niliyelelewa kwa viporo nautazama wimbo huo kwa huruma.

Lakini niliyokuwa nikiyatafuta usiku ule yalikuwa ya "Because of You". Kelly aliutunga akiwa na miaka 16, mdogo kuliko mpwa wangu, kwa ajili ya kuachana kwa wazazi wake. Alitaka uwe katika albamu ya kwanza. Wakubwa wa kampuni wakaukataa, wakaona haufai. Mwaka uliofuata akautengeneza upya pamoja na wanamuziki wawili, David Hodges na Ben Moody, ukaingia katika *Breakaway*, na mwaka 2005 ukatolewa peke yake, ukasikika duniani kote mpaka bwenini mwetu. Katika picha zake mume na mke wagombana, mara vitu vyote vyasimama, na mwanamke ashikwa mkono na msichana mdogo, ambaye ni yeye mwenyewe wa zamani, ampeleke kuona yaliyotokea kwao. Mwaka 2007 aliuimba tena pamoja na Reba McEntire, mwimbaji mkubwa wa nyimbo za mashambani za Marekani.

Albamu hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 12 duniani. Februari 2006 Kelly alipewa tuzo mbili za Grammy, moja kwa ajili ya albamu na moja kwa ajili ya "Since U Been Gone". Hapakuwa na mwimbaji wa mashindano yale aliyepata tuzo hiyo kabla yake.

Nilifikiri sana juu ya wakubwa wale waliosema wimbo haufai. Kisha nikafikiri juu ya dada yangu na mwiko wake. Si kitu kimoja. Wale waliogopa hasara ya fedha. Dada yangu aogopa jambo jingine, nami nalijua, kwa sababu naliogopa pia. Siku binti atakapoimba katika televisheni, kila mwenye duka, kila mvuvi, kila mama wa WAWATA atajua kwamba nyumba ile iliachwa. Wanajua tayari! Kisiwa ni kidogo. Lakini kujua kimya na kujua kwa wimbo ni mambo mawili.

Kuna jambo la pili lililonitia shaka, nalo ni mikataba. Naomba niseme yaliyotupata sisi. Miaka kadhaa iliyopita kwaya yetu ilikwenda mjini kurekodi nyimbo kumi katika studio ya bwana mmoja. Tulichanga, tukauza samaki, tukauza hata mbuzi wa Mwenyekiti. Bwana yule akatupa karatasi, na mimi, mwalimu mzima mwenye cheti, nikaitia sahihi bila kusoma ukurasa wa pili kwa sababu meli ilikuwa karibu kuondoka. Tulipewa sidii 50. Baadaye tukazikuta nyimbo zetu zikiuzwa sokoni, na tulipouliza, tukaonyeshwa ukurasa wa pili. Sahihi ilikuwa yangu, nzuri, yenye mkia. Wanakwaya walinisamehe, ila mwenye mbuzi hunikumbusha.

Kwa hiyo naelewa vizuri habari za Kelly mwaka 2007. Baada ya mafanikio yale alitaka kutoa albamu aliyoshiriki kutunga nyimbo zake zote, iitwayo *My December*. Clive Davis, mkubwa katika kampuni ya santuri, hakuipenda, alitaka nyimbo zibadilishwe. Kelly akakataa. Ugomvi ukaingia magazetini. Akaachana na meneja wake, na ziara kubwa ya kuimba ikafutwa. Albamu ikatoka mwezi Juni, ikafika nafasi ya pili, lakini haikuuzwa hata kwa mbali kama *Breakaway*. Je, nani alikuwa na haki? Mimi nimesikiliza baadhi ya nyimbo hizo, nami naona yule mzee hakukosa masikio. Ni nzito, hazishikiki. Lakini zilikuwa zake. Mtu aweza kukosea kwa wimbo wake mwenyewe na bado awe na haki ya kuuimba. Mwaka 2009 akarudi na nyimbo nyepesi, mojawapo ikaruka kutoka nafasi ya 97 mpaka ya kwanza kwa wiki moja. Hakutoka RCA mpaka ilipokwisha albamu ya mwaka 2015, kisha mwaka 2016 akajiunga na kampuni nyingine. Hesabuni wenyewe. Mkataba aliopewa kama zawadi akiwa na miaka 20 ulimshika mpaka alipokuwa mama wa watoto.

Nisisahau jambo moja ambalo wasomaji wa gazeti hili watapenda kulijua. Tarehe 19 Aprili 2008, Papa Benedikto XVI alipozuru Marekani, alikutana na vijana na waseminari katika seminari ya Mtakatifu Yosefu, Yonkers, jimbo la New York. Kelly Clarkson alikuwapo, akamwimbia "Ave Maria" ya Schubert. Nimeitazama katika simu. Hakuna gitaa la umeme, hakuna kelele. Asimama tu, aimba. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye hasifu mtu, aliitazama pamoja nami akasema pumzi yake ni nzuri.

Mwaka 2015 alitoa wimbo mwingine juu ya baba yake, "Piece by Piece". Humo amsifu mume wake kwa kutokuwa kama baba aliyeondoka. Februari 2016 aliuimba katika mashindano yale yale yaliyomtoa, akiwa mjamzito, akalia mbele ya watu, na watu wakalia. Ndoa ile nayo ilivunjika, ikamalizwa mahakamani mwaka 2022. Sikusoma hayo kwa furaha. Mimi ndiye niandikaye vitabu vya ndoa hapa, nami najua kwamba upande wa kulia wa ukurasa kuna nafasi ya maelezo, na siku ya harusi hakuna aiangaliaye. Mwaka 2023 akatoa albamu nyingine, *Chemistry*, akiimba juu ya hayo hayo. Tangu miaka 16 mpaka zaidi ya 40 mwanamke huyu amekuwa akiimba habari za watu kuondoka. Sijui kama kuimba kumemponya. Najua hakunyamaza, na hakufa kwa kutonyamaza.

Jumapili baada ya Misa nilimwendea dada yangu. Nilimkuta akianika dagaa. Nikamsaidia kupindua, maana kwetu maneno mazito husemwa mikono ikiwa na kazi.

Nikasema, "Dada, wimbo wa mtoto umeusikia wote?"

"Nimesikia wa kutosha."

"Basi usikie wote. Kesho, ofisini kwangu. Ukisema hapana baada ya hapo, sitampa barua."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe ulipokuwa mdogo ulilia usiku miezi mitatu. Mimi niliambiwa na Mama nilipokuja Krismasi. Utunge wimbo na wewe?"

Sikuwa na jibu. Tuliendelea kupindua dagaa.

Jumatatu walikuja wote wawili, mama akiwa mbele, binti nyuma kama hatua kumi. Nikafunga mlango ili wenye shida za vyeti wasubiri nje. Nikamwambia binti aimbe pale pale, asimame karibu na kabati la vitabu vya ubatizo. Dada yangu alikaa kitini, ameshika pindo la khanga.

Sina haki ya kuyaandika hapa maneno ya wimbo ule, ni mali ya aliyetunga, nami nimekwisha kujifunza habari za haki za nyimbo kwa gharama ya mbuzi. Nitasema tu kwamba haukuwa na matusi. Hakumlaani baba yake. Ulieleza usiku, mlango uliofunguliwa polepole, mbwa aliyemjua mwenyewe na kwa hiyo hakubweka, na mtoto aliyeamka asubuhi akakuta viatu vikubwa havipo. Sauti yake haikupanda mahali pa kupanda, ilishuka. Mimi nilitazama dirishani.

Alipomaliza palikuwa kimya. Nje mtu alikohoa, nadhani ni katekista.

Dada yangu akasema, bila kuinua macho, "Si kweli."

Binti akaanza kulia. "Nini si kweli, Mama?"

"Hakuondoka usiku. Wewe ulikuwa umelala, ndiyo maana wadhani ilikuwa usiku. Aliondoka asubuhi, jua limeshatoka. Nilimpikia chai. Alikunywa vikombe viwili." Akanyosha khanga magotini, akaikunja tena. "Kama waimba, imba kama ilivyokuwa. Watu wa kisiwa hiki walimwona akipita na begi."

Binti akafuta uso kwa kiganja. Akawa kama anayepima maneno mapya kwa sauti ya ndani, midomo ikicheza. Kisha akauliza, "Ilikuwa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya rangi," dada yangu akasema. "Maziwa nilikuwa nimewawekea ninyi."

Nikavuta droo, nikatoa mhuri.